MATEMBEZI YA MWEZI HUU: Siku Moja katika Mji wa Kale wa Salvador

Mwezi huu na tuivuke bahari kuu ya magharibi, twende hata nchi ya Brazili katika Amerika ya Kusini, tukatembee siku moja katika mji uitwao Salvador. Jina lake lote ni refu: São Salvador da Bahia de Todos os Santos, yaani Mwokozi Mtakatifu wa Ghuba ya Watakatifu Wote. Ghuba ilipata jina hilo kwa kuwa mabaharia Wareno waliiingia siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, mwaka 1501. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1549, mfalme wa Ureno alipomtuma Tomé de Sousa kuwa liwali wa kwanza wa nchi, nao ukawa mji mkuu wa Brazili hata mwaka 1763. Wareno hao ndio wale wale walioingia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Mtu aliyewahi kuiona Ngome ya Yesu pale Mombasa ataitambua mikono yao katika mawe ya Salvador.

Lakini sikuwaita kwa ajili ya mawe tu. Katika mji huu sehemu kubwa ya watu ni wazao wa Waafrika. Wataalamu wa historia wamehesabu kwamba watumwa waliofikishwa Brazili kutoka Afrika walikuwa yapata 4,800,000, wengi kupita nchi nyingine yoyote ya Amerika, na bandari ya Salvador ilikuwa mojawapo ya milango yao mikubwa. Wakashushwa katika ghuba ya Watakatifu Wote, katika mji wa Mwokozi, wakauzwa. Mambo hayo mawili, jina la mji na biashara yake, yatatufuata kila njia tutakayoipita leo.

Basi tuanze asubuhi, kabla jua halijawa kali, tena iwe siku ya Jumanne. Sababu yake mtaiona jioni. Mji una sehemu mbili: mji wa chini ulio pwani, penye magati na maghala, na mji wa juu ulio kichwani pa jabali, penye makanisa na majumba ya serikali. Chini pale lipo jengo kubwa lililojengwa mwaka 1861 kuwa nyumba ya forodha. Siku hizi ni soko, wanauza lesi, vinyago, ngoma, na vyombo vya udongo. Msikawie mno humo, wala msinunue kwa bei ya kwanza.

Zamani kila kitu kilichopanda mji wa juu, hata piano na hata mabwana wenyewe katika machela, kilipandishwa kwa mabega ya watumwa katika njia za mteremko mkali. Mwaka 1873 ilifunguliwa lifti kubwa inayoshikamana na jabali, iitwayo Lacerda kwa jina la mhandisi wake, urefu wake meta 72, nayo inapandisha watu hata leo. Mwaka ule ule wa 1873 Seyyid Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa la Unguja. Katika Brazili utumwa uliendelea miaka kumi na mitano tena; sheria ya kuukomesha ilitiwa sahihi tarehe 13 Mei 1888. Hivyo wa kwanza kupanda katika lifti ile waliwaona watumwa wangali wakipanda kwa miguu.

Mkitoka juu mtasimama katika uwanja wenye upepo mzuri, ghuba yote ikiwa chini yenu, na mashua zikionekana ndogo kama maganda ya njugu. Mbele yenu ni nyumba ya baraza la mji, jengo la karne ya 17 lenye matao. Wageni wengi huipiga picha, wakapita. Ninyi simameni kidogo, maana chini ya nyumba hiyo palikuwa na gereza, na mwaka 1835 alifungwa humo mzee mmoja jina lake Pacífico Licutan.

Mzee huyu alikuwa mtu wa kabila la Wayoruba, mtumwa wa tabibu mmoja, na kazi yake ilikuwa kukunja tumbaku. Lakini miongoni mwa Waafrika Waislamu wa mjini alikuwa mwalimu, na watu walikuja kumwomba baraka. Wanafunzi wake walichanga fedha ili wamkomboe, wakaenda kwa bwana wake mara mbili, na mara zote mbili bwana akakataa. Baadaye bwana huyo akashindwa kulipa deni lake, na wenye kumdai walikuwa watawa wa Karmeli. Basi serikali ikakamata mali yake, na mzee Licutan akiwa mali kama ng'ombe au meza, akatiwa gerezani angojee mnada.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, katika mwezi wa Ramadhani, watumwa na waliokwisha kupata uhuru, yapata watu 600, wengi wao Wayoruba na Wahausa, waliinuka kupigana. Askari walikuwa wamepata habari, wakawaingilia katika nyumba moja ya mteremko ulio karibu na uwanja huu kabla ya saa waliyoiazimia. Wakatoka mbio, na mahali pa kwanza walipokwenda ni hapa gerezani, kumtoa mwalimu wao. Hawakuweza. Walipigwa risasi huku na huku, wakatawanyika wakipigana njiani hata alfajiri, na watu zaidi ya 70 wakafa. Licutan mwenyewe, ambaye usiku ule hakutoka chumbani mwake gerezani, alihukumiwa kupigwa mamia ya viboko.

Ninyi walimu mtalifikiri jambo hili moja. Askari walipopekua nyumba za watumwa walikuta karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu: sura za Korani, sala, na mazoezi ya wanafunzi wanaojifunza kuandika. Watu waliokuwa wakichukua mizigo mchana kutwa walikuwa wakifundishana kusoma usiku. Mbele ya hakimu karatasi hizo zikawa ushahidi wa kosa. Mabwana wengi wenyewe hawakujua kusoma, tena waliogopa kuona mtumwa ana kalamu kuliko kumwona ana kisu. Karatasi hizo zimehifadhiwa hata sasa katika nyumba ya kumbukumbu za serikali huko Bahia. Watu hao hawakuwa wa dini yetu, lakini sioni mwalimu wa dini yoyote awezaye kupita pale bila kuwavulia kofia.

Tuendelee. Kwa hatua chache mtafika mahali palipokuwa kanisa kuu la kwanza. Lilibomolewa mwaka 1933 ili kupisha njia ya tramu. Tramu nazo zimekwisha kwenda zao, na kanisa halikurudi. Mbele kidogo ni uwanja mpana uitwao Terreiro de Jesus, na hapo ndipo lilipo kanisa kuu la sasa, ambalo kwanza lilikuwa la Wajesuiti. Mawe ya uso wake yaliletwa kutoka Ureno katika merikebu. Pembeni yake ni jengo la chuo cha kwanza cha utabibu katika Brazili, kilichoanzishwa mwaka 1808. Ndani yake sasa mna makumbusho ya mambo ya Waafrika wa Brazili, na mbao kubwa 27 zilizochongwa na fundi Carybé, zenye sura za miungu ya Wayoruba. Ibada za miungu hiyo zingaliko Bahia, tena mara nyingi zimechanganyika na majina ya watakatifu wetu. Watumwa waliokatazwa ibada zao walizificha nyuma ya majina hayo.

Ndani ya kanisa kuu mkumbukeni Padri António Vieira, aliyeletwa Bahia mtoto, akasoma katika chuo cha Wajesuiti hapo, akafa Salvador mwaka 1697. Wareno humhesabu kuwa bingwa wa lugha yao. Mwaka 1633, akiwa kijana asiyepata upadri bado, alihubiri katika kiwanda kimoja cha sukari mbele ya watumwa wa chama cha Rozari. Aliwaambia kwamba katika taabu yao ya kiwandani, usiku bila usingizi, uchi, na kupigwa, wanafanana na Kristo katika mateso yake kuliko watu wengine wote. Maneno hayo ni ya kweli, na pengine hapakuwa na mtu mwingine Brazili aliyethubutu kuyasema mbele ya wenye viwanda. Lakini aliwaambia pia wavumilie. Kwa ajili ya Wahindi wenyeji wa nchi Vieira alipigana na walowezi, hata wakamfukuza Maranhão. Kwa Waafrika alitoa faraja tu, pasipo kudai wafunguliwe. Nimelisoma jambo hili mara nyingi, nami siwezi kulikalia kimya: mtu akisema kwamba mwenzake amesulibiwa kama Bwana, mbona asitafute koleo la kung'olea misumari?

Upande wa pili wa uwanja ni kanisa la Mtakatifu Fransisko, la karne ya 18, ambalo ndani yake mbao za kuchongwa zimefunikwa dhahabu toka madhabahu hata dari, ndege, majani, mizabibu, na malaika, mpaka jicho halioni pa kupumzika. Katika ua wa watawa kuna picha 37 za vigae vya buluu na nyeupe vilivyoletwa kutoka Ureno, zinazofundisha kwamba mali hupita na mauti humjia kila mtu. Na mafundisho hayo yamewekwa mlango wa pili na dhahabu ile yote. Tarehe 5 Februari 2025 sehemu ya dari ilianguka mchana, ikamwua msichana mmoja mgeni aliyekuja kutazama na kuwajeruhi wengine, na kanisa likafungwa. Kwa hiyo mtu aendaye aulize kwanza kama limefunguliwa. Karibu nalo ni kanisa la Utawa wa Tatu, ambalo uso wake wote ni mawe yaliyochongwa kama lesi. Husimuliwa kwamba uso huo ulifichwa chini ya chokaa muda mrefu, hata mafundi wa umeme katika miaka ya 1930 walipobandua chokaa, wakashangaa.

Sasa njaa imeuma. Tafuteni pembeni mwa uwanja mama aliyevaa nguo nyeupe pana, kilemba, na shanga nyingi, ameketi nyuma ya sufuria ya mawese yanayochemka. Anauza acarajé. Mtu wa pwani yetu akionja atasema mara moja, "Mbona hii ni bajia ya kunde!" Wala hakukosea sana: kunde hulowekwa, huondolewa maganda, husagwa pamoja na kitunguu, huchapwa sana, kisha hukaangwa. Tofauti ni mawese, na kwamba huipasua katikati wakatia kamba wakavu, pilipili, na uji mzito wa mkate, karanga, na tui la nazi. Zamani za utumwa wanawake walitumwa na mabwana zao kuuza vyakula njiani. Jioni walipeleka kiasi kilichoamriwa, na kilichozidi waliweka akiba. Kwa senti hizo wengi walijikomboa, na wengine wakawakomboa watoto wao. Nawasihi msimlalamikie mama huyo bei.

Mkiwa mnakula sikilizeni maneno. Lugha yao ni Kireno, lakini ndani yake mna maneno mengi ya Kibantu yaliyotoka Angola. Duka la matunda na mboga huitwa quitanda, nao hulitamka "kitanda", kwa sababu katika Kimbundu neno hilo ni soko au mahali pa kupangia bidhaa. Mawese huitwa dendê, kutoka neno la Kimbundu ndende. Na mtoto wa mwisho katika nyumba, yaani kitinda mimba, jina lake caçula, nalo pia ni la Angola. Wazazi walinyang'anywa kila kitu, lakini jina la mwana wao mdogo halikunyang'anyika.

Kutoka hapo njia inateremka, imetandikwa mawe ya mviringo yanayoteleza, katikati ya nyumba ndefu zilizopakwa rangi ya waridi, manjano, buluu, na kijani. Mtafika uwanja wa mteremko unaoitwa Pelourinho, na mtaa mzima sasa unaitwa kwa jina hilo. Watu hulitamka kwa furaha, maana ni mahali pa ngoma na sikukuu. Lakini maana ya pelourinho ni nguzo ya kufungia watu wapigwe viboko mbele ya watu wote. Nguzo hiyo ilihamishwa mara kadhaa katika mji, na mahali pake pa mwisho palikuwa hapa, katika karne ya 19.

Mtaa huu ulikuwa wa matajiri. Matajiri walipohama, wakaingia maskini, na nyumba zikachakaa. Mwaka 1985 mji wa kale uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na kuanzia mwaka 1992 serikali ya jimbo ikazitengeneza nyumba upya. Kazi ilikuwa nzuri kwa macho. Lakini familia nyingi zilizokaa humo ziliondolewa kwa malipo madogo, na mahali pao pakaingia maduka na hoteli. Hivyo ukisifu rangi za madirisha, ujue kwamba nyuma ya mengi hapana mtu anayelala.

Katikati ya mteremko huo limesimama kanisa la buluu lenye minara miwili, Kanisa la Bikira Maria wa Rozari la Watu Weusi. Chama chake kilianzishwa mwaka 1685 na Waafrika, kwanza watu wa Angola, nacho kilikuwa na madhabahu katika kanisa kuu. Mwaka 1704 mfalme aliwapa kiwanja hapa, wakaanza kujenga. Walikuwa watumwa: mchana ulikuwa wa bwana, basi walijenga usiku na siku za sikukuu, kila mtu alipoachwa. Kazi ikachukua karibu miaka mia moja. Walioweka jiwe la kwanza walikuwa wamekwisha kufa zamani kengele zilipotundikwa.

Mtu atauliza, kwa nini wajenge la kwao, wakati mji ulijaa makanisa? Kwa sababu katika makanisa ya mabwana walisimama nyuma, na maiti zao hazikupata heshima. Chama kilimzika mwanachama wake kwa mshumaa na sala, kilimtunza mgonjwa, na kilipopata fedha kilimkomboa mmoja na mwingine. Katika chama mtumwa aliweza kuchaguliwa mwandishi au mweka hazina, akatia mkono wake katika kitabu. Nyuma ya kanisa lipo ziara lao dogo. Ndani ipo sanamu ya Mtakatifu Benedikto, aliyezaliwa Sisilia mwaka 1526, wazazi wake watumwa Waafrika, akawa mpishi wa watawa, na mwaka 1807 Papa akamtaja mtakatifu.

Msikae bado, tutarudi. Pandeni kwanza mteremko wa pili, kuelekea Karmeli. Njiani mtaziona ngazi ndefu za Kanisa la Passo. Juu ya ngazi hizo ilipigwa filamu *O Pagador de Promessas*, iliyopata tuzo kuu huko Cannes mwaka 1962: habari za mkulima aliyebeba msalaba kutoka kwake shamba kutimiza nadhiri, na padri akamfungia mlango.

Juu kabisa ni nyumba ya Karmeli. Waholanzi walioushika mji mwaka 1624 walishindwa mwaka uliofuata, na mapatano ya kujisalimisha yalifanyika hapa. Lakini mimi ningewapeleka mkaione sanamu ya Bwana aliyekufa, iliyo katika nyumba ya Utawa wa Tatu, amelala, amepakwa rangi ya mwili, na matone ya damu yake ni mawe mekundu ya yakuti. Inasemwa kwamba aliyeichonga, yapata mwaka 1730, ni Francisco Xavier das Chagas, mtumwa aliyepewa jina la kudharauliwa "o Cabra", yaani mbuzi. Watawa wa nyumba hii hii ndio waliokuwa wakidai deni lile, miaka mia baadaye, lililomtia mzee Licutan gerezani. Itazameni sanamu muda mrefu. Aliyeichonga alijua jinsi mgongo uliopigwa unavyovimba.

Kisha teremkeni kabla ya saa kumi na mbili. Siku ya Jumanne jioni katika kanisa la buluu husomwa Misa, na ngoma hupigwa mle mle ndani. Akina mama hupita katikati wakicheza polepole, wamebeba makapu ya mikate vichwani kuileta madhabahuni, na baada ya Misa mikate hiyo hubarikiwa na kugawiwa watu. Wageni hupewa pia. Kanisa hujaa upesi, kwa hiyo fikeni mapema mpate mahali pa kukaa, la sivyo mtasimama mlangoni pamoja na watoto wa mtaa, ambao nao wanangoja mkate.